Mwongozo kamili wa kuhamisha kazi ya ukutubi na nyaraka kutoka Ufaransa hadi Quebec

Mwongozo huu umeandikwa kwa sababu maombi ya watu wengi yanakwama mahali pale pale. Mkutubi mwenye miaka minane ya kazi mjini Lyon, au mtunza nyaraka aliyesoma Paris, hutuma maombi ishirini kwenda Montréal na jiji la Québec, na asipojibiwa hudhani kwamba kikwazo ni wingi wa washindani. Mafaili ninayoletewa niyapitie yananionyesha jambo jingine. Mengi yameandikwa kwa Kifaransa fasaha ambacho mwajiri wa ng'ambo ya Atlantiki anakisoma bila kukipata, kwa kuwa maneno ni yale yale ilhali mambo yanayotajwa ni tofauti.

Ninamlenga mtu mwenye cheti cha Ufaransa katika fani ya maktaba, nyaraka au kumbukumbu, awe Mfaransa wa kuzaliwa au Mrundi, Mkongo au Mngazija aliyesomea huko. Pale ambapo pasipoti inabadilisha njia, nitasema waziwazi. Nimeichagua Quebec kwa sababu ndiko cheti cha Kifaransa kinakopokelewa bila gharama ya mfasiri, na ndiko wengi wanakojaribu na kushindwa.

Zifuate hatua kwa mpangilio wake. Anayeanza na hatua ya saba kisha akarudi kwenye ya pili hupoteza miezi kadhaa.

## Vitu vya kuwa navyo mezani kabla ya kuanza

- Vyeti vyako vyote vya masomo ya juu, pamoja na nakala za alama (*relevés de notes*) za kila mwaka. Ukiwa na *supplément au diplôme*, iambatanishe, kwa maana ndiyo inayoorodhesha kozi ulizosoma.
- Pasipoti ambayo muda wake unazidi muda wa kibali unachokitarajia. Kibali cha kazi hakitolewi kupita mwisho wa pasipoti.
- Barua za waajiri wako wa zamani. Tutazizungumzia kwa kirefu, kwa sababu *certificat de travail* peke yake haitoshi.
- Majina ya watu wawili au watatu waliokusimamia kazini na ambao watakubali kupigiwa simu.
- Taarifa ya benki inayoonyesha akiba. Anayeomba kibali cha PVT, kibali cha kazi cha vijana kinachoelezwa kwenye hatua ya 6, huonyesha dola 2,500 za Kanada, mbali na nauli.
- Orodha ya kazi ulizozifanya kwa mikono yako: rekodi ulizoingiza, makusanyo uliyoyasimamia, mafunzo uliyoyatoa, bajeti uliyoishika.

Ukikosa kimoja kati ya hivi, kitafute kwanza. Chuo cha Ufaransa hukawia kutoa nakala mpya ya cheti, na safari haikiharakishi.

## Hatua ya 1: Jua unaingilia ngazi ipi

Nchini Ufaransa ngazi yako imetokana na mtihani wa ushindani, yaani *concours*, au na kundi la utumishi, A, B au C. Quebec haina kipimo hicho. Maktaba zake zina ngazi tatu zilizotenganishwa na masomo.

Ya juu ni *bibliothécaire*, mkutubi kamili, ambaye anatakiwa awe na shahada ya uzamili katika sayansi ya habari. Shahada hiyo hutolewa na EBSI, shule ya fani hii katika Université de Montréal, na pia na Chuo Kikuu cha McGill, na zote mbili zina ithibati ya American Library Association. Ya kati ni *technicien en documentation*, fundi sanifu wa nyaraka, aliyesoma miaka mitatu kwenye *cégep*, chuo cha baada ya sekondari, kwa mfano Cégep de Maisonneuve. Ya chini ni *commis*, msaidizi wa dawati na rafu. Katika orodha ya Kanada ya kazi, mkutubi amepewa namba 51100, mtunza kumbukumbu 51102, fundi sanifu 52100 na msaidizi 14300. Ziandike namba hizo mahali, maana fomu za uhamiaji zitazidai.

Hapa ndipo mtego mkubwa kuliko yote ulipo. Mtihani wa *bibliothécaire territorial* huruhusu mtu mwenye *licence*, yaani shahada ya kwanza, ya somo lolote lile, na kwa hiyo Ufaransa ina wakutubi hodari waliosomea historia au fasihi, wakapita mtihani, wakajifunza kazi kazini. Mtu wa namna hiyo akiomba nafasi ya *bibliothécaire* Montréal, faili lake huwekwa pembeni kwenye mchujo wa kwanza, hata awe na miaka kumi na tano ya uzoefu, kwa kuwa sanduku la shahada ya uzamili halina alama.

Kwa hiyo jipime hivi. Ukiwa na shahada ya uzamili ya fani yenyewe, mathalani kutoka shule za fani hii kama Enssib ya Villeurbanne au INTD ya Paris, lenga ngazi ya mkutubi. Ukiwa na DUT ya zamani, cheti cha ufundi cha chuo kikuu, au BUT iliyochukua nafasi yake mwaka 2021, katika *métiers du livre* (kazi za vitabu), ngazi yako ya kuanzia ni fundi sanifu. Ukiwa na shahada ya uzamili ya somo jingine na uzoefu wa maktaba, una njia mbili: kuomba ngazi ya fundi sanifu huku ukisoma kwa makini matangazo yanayokubali «mchanganyiko wa elimu na uzoefu», au kurudi darasani EBSI. Njia ya pili si ya kichaa kama inavyosikika, kwa sababu mwenye pasipoti ya Ufaransa hulipa ada ya shahada ya uzamili sawa na mkazi wa Quebec. Mwenye pasipoti ya Burundi au ya Kongo hana haki hiyo hata kama alisoma Ufaransa tangu utotoni, na afanye hesabu yake ya ada akilijua hilo.

Kazi ya mkutubi Quebec haina chama cha kisheria kinachokataza mtu kuifanya bila leseni, kama ilivyo kwa mhandisi au muuguzi. Uamuzi ni wa mwajiri, na mwajiri hushawishika kwa karatasi. Umeimaliza hatua hii pale unapoweza kuandika kwa mstari mmoja ngazi yako, namba yake na cheti kinachokupa haki ya kuiomba.

## Hatua ya 2: Omba tathmini linganishi ya vyeti

Wizara ya uhamiaji ya Quebec hutoa hati iitwayo *Évaluation comparative des études effectuées hors du Québec*. Hati hiyo inasema cheti chako kinalingana na kiwango kipi cha mfumo wa elimu wa Quebec na katika fani ipi. Ni maoni ya wataalamu na haimlazimishi mwajiri, lakini manispaa, vyuo na hospitali nyingi hazitaki kulisoma faili la mgeni lisilo nayo.

Wanaoiruka hatua hii hujitetea kwamba lugha ni moja na kila mtu ataelewa. Haelewi mtu. Tazama maneno haya manne. *Baccalauréat* ya Ufaransa ni mtihani wa kumaliza sekondari, ilhali ya Quebec ni shahada ya kwanza ya chuo kikuu. *Collège* ya Ufaransa ni ya watoto wa miaka kumi na mmoja hadi kumi na mitano. Ya Quebec ni ya vijana waliomaliza sekondari. *Maîtrise* ya Ufaransa, enzi ilipokuwapo, ilikuwa mwaka wa nne. Ya Quebec ndiyo shahada ya uzamili. *Licence* nayo haina maana ya kila siku kule. Mtu akiandika kwenye wasifu wake «bac+5», yaani miaka mitano baada ya *baccalauréat*, akadhani amejieleza, msomaji wa Quebec anaweza kuhesabu miaka mitano juu ya shahada ya kwanza, kisha akashangaa udaktari uko wapi.

Tuma vyeti vyote, si cha mwisho tu. Shahada ya uzamili inasimama juu ya ile ya kwanza, na pengo katikati huleta barua ya kuomba nyongeza. Hakikisha majina kwenye vyeti yanafanana na ya kwenye pasipoti. Aliyebadilisha jina kwa ndoa, au ambaye jina lake la ukoo liliandikwa kwa tahajia mbili, aambatanishe hati ya kuthibitisha. Majibu huchukua miezi, kwa hiyo maombi haya yatangulie mengine yote.

Hati ikifika, soma mstari wa fani kabla ya mstari wa kiwango. Ukikuta kiwango cha uzamili lakini fani imeandikwa «historia», rudi hatua ya 1 uchague upya ngazi yako.

## Hatua ya 3: Pata barua za kazi zinazosema ulifanya nini

*Certificat de travail* ya Kifaransa hutaja tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza na aina ya kazi. Kuhusu kazi yenyewe sheria ya Ufaransa haidai zaidi ya hapo, na mwajiri wa Ufaransa hatoi zaidi ya hapo. Mwajiri wa Quebec, hasa wa sekta ya umma, anahitaji mambo mawili ambayo karatasi hiyo haina: saa kwa wiki na majukumu.

Sababu yake ni mshahara. Ngazi za mishahara ya taasisi za umma zina madaraja yaitwayo *échelons*, na daraja lako la kuanzia huhesabiwa kwa miaka ya uzoefu unaohusiana na kazi na kuthibitishwa kwa maandishi. Mwenye miaka kumi isiyothibitishwa anaweza kuwekwa daraja la kwanza, akakaa hapo, na kuja kusahihisha jambo hilo ukiwa tayari umesaini kuna usumbufu mwingi.

Andika rasimu ya barua wewe mwenyewe, umpelekee mkuu wako wa zamani aipitie na kuisaini. Iwe na cheo kama kilivyoandikwa Ufaransa, kisha maelezo ya ngazi yenyewe, tarehe kamili, saa 35 kwa wiki, au chache kama zilikuwa chache, majukumu matano au sita kwa sentensi kamili, idadi ya watu uliowasimamia, na jina, wadhifa na mawasiliano ya anayesaini. Karatasi iwe na nembo ya taasisi.

Fanya hivi kabla hujaondoka. Mkuu aliyekuwa akikunywesha kahawa kila asubuhi hujibu barua pepe ndani ya siku mbili ukiwa bado jengoni. Ukishavuka bahari, naye akastaafu au akahamishwa, barua hiyo inakuwa ndoto.

## Hatua ya 4: Andika wasifu upya kuanzia ukurasa mtupu

Usiusahihishe wasifu wako wa Kifaransa. Uweke kando na uanze upya.

Ondoa picha, tarehe ya kuzaliwa, hali ya ndoa, idadi ya watoto na uraia. Mkataba wa haki wa Quebec wa mwaka 1975 unakataza ubaguzi katika ajira, na mwajiri anayekuta mambo hayo kwenye karatasi huona kwamba mwombaji hajafanya utafiti. Weka ukurasa wa kipimo cha *Letter* badala ya A4, ili mstari wa mwisho usikatwe kamati itakapochapisha nakala zake. Ni jambo dogo, lakini nimewahi kuona wasifu ambao namba ya simu ilikuwa kwenye mstari huo wa mwisho. Kurasa mbili au tatu zinakubalika; ule ukurasa mmoja wa Kifaransa unakubana bure.

Sasa tuje kwenye vyeo, ambako mafaili mengi huzama. *Conservateur des bibliothèques* ni cheo kikubwa Ufaransa, lakini Quebec *conservateur* ni mtu wa jumba la makumbusho. *Documentaliste* ni neno linalojulikana, ila halimwambii mwajiri kama wewe ni mkutubi au fundi sanifu. *Professeur documentaliste*, yule mwalimu aliyepita mtihani wa ualimu wa CAPES na anayeendesha maktaba ya shule, hana mwenzake kabisa: shule za Quebec zina wakutubi walioajiriwa na kituo cha huduma za shule na wanaohudumia shule kadhaa kwa pamoja. «Kundi A» na «kundi B» hayana maana yoyote kule.

Usibuni cheo ambacho hukuwa nacho, maana mwajiri atapiga simu. Andika cheo halisi, na kando yake kiwango kinacholingana, halafu acha kazi zizungumze. Mfano wa mstari kutoka faili moja nililolipitia ulikuwa hivi: *Assistant de conservation, catégorie B, responsable du secteur jeunesse, médiathèque intercommunale.* Maneno yote ni sahihi, na hakuna hata moja linaloeleza kazi. Tuliuandika upya, kwa Kifaransa, ukiwa na maudhui haya: maktaba ya umma yenye matawi manne, fundi sanifu wa nyaraka aliyeongoza sehemu ya watoto, alichagua na kununua vitabu kwa bajeti ya mwaka iliyotajwa kwa euro, aliorodhesha vitabu hivyo katika UNIMARC (fomati ya rekodi za katalogi), alitayarisha saa ya hadithi kila Jumatano, alisimamia wasaidizi wawili. Msomaji wa Montréal sasa anaiona sehemu hiyo ya watoto mbele ya macho yake.

Badilisha na msamiati wa kazi. Kupunguza vitabu vilivyochakaa huitwa *désherbage* Ufaransa na *élagage* Quebec. *Tableau de gestion* ya mtunza kumbukumbu ndiyo *calendrier de conservation*, ambayo sheria ya kumbukumbu ya Quebec ya mwaka 1983 inaidai kutoka taasisi za umma. Ukiwa umefanya kazi ya kulinda taarifa binafsi chini ya RGPD, kanuni ya Ulaya ya ulinzi wa data, litaje jambo hilo karibu na juu, kwa kuwa Sheria ya 25 ya Quebec, iliyopitishwa mwaka 2021 na kuanza kutumika kwa awamu hadi 2024, imezilazimu taasisi kutafuta watu wanaoijua kazi hiyo.

Mjaribu msomaji mmoja asiyeijua Ufaransa. Akiusoma wasifu kwa dakika moja akaweza kukuambia ulifanya nini kila siku, umefaulu. Akikuuliza «hiki ni nini?» mara mbili, rudi mezani.

## Hatua ya 5: Ziba pengo la zana

Kwa mtu wa uorodheshaji, hatua hii haiepukiki. Maktaba za Ufaransa hufanya kazi katika UNIMARC. Za Quebec hutumia MARC 21. Hizi ni fomati mbili za familia moja, na ndiyo maana zinapotosha.

| Taarifa | UNIMARC | MARC 21 |
|---|---|---|
| ISBN | 010 | 020 |
| Kichwa cha kitabu | 200 | 245 |
| Mwandishi mkuu | 700 | 100 |
| Mada | 606 | 650 |

Angalia mstari wa tatu. Namba 700 ipo pia katika MARC 21, ila huko ni ya mwandishi wa ziada, mhariri au mfasiri. Mtu aliyezoea UNIMARC huandika mwandishi mkuu kwenye 700 bila mfumo kulalamika, na rekodi inakaa na kosa mpaka mwenzake alione. Kwenye jaribio la kuajiriwa, kosa hilo humfichua mwombaji mara moja.

Kwenye vichwa vya mada, Ufaransa ina orodha ya RAMEAU na Quebec ina *Répertoire de vedettes-matière* ya Université Laval. Hapa una nafuu, kwani RAMEAU ilizaliwa kutokana na orodha hiyo ya Laval, na mantiki ya kuunganisha maneno utaitambua. Tofauti zipo kwenye chaguo la maneno yenyewe. Uainishaji wa Dewey utaukuta kwenye maktaba za umma. Vyuo vikuu vingi hutumia uainishaji wa Library of Congress, na jukwaa la pamoja la maktaba za vyuo hivyo, liitwalo Sofia, linaendeshwa kwa mfumo wa OCLC, ushirika wa kimataifa wa maktaba.

Njia nafuu ya kujizoeza ni kusakinisha Koha, programu huria ya maktaba, kwenye kompyuta yako. Wakati wa kusakinisha inakuuliza unataka UNIMARC au MARC 21. Chagua ya pili, chukua vitabu hamsini vya nyumbani kwako vya aina mbalimbali, uviorodheshe, kisha ulinganishe kila rekodi na ile iliyomo kwenye katalogi ya BAnQ, maktaba ya taifa ya Quebec. Utakapofika kitabu cha arobaini bila kufungua jedwali, andika MARC 21 kwenye wasifu, si kabla.

Kiingereza nacho ni zana. Nje ya Montréal unaweza kufanya kazi kwa Kifaransa kitupu. Ndani ya Montréal, dawati la wasomaji huhudumia watu wa lugha mbili na zaidi. Taja pia Kiswahili ukikijua, pamoja na kiwango chako kwa ukweli. Maktaba za mitaa yenye wahamiaji hupata familia kutoka Kivu na Bujumbura.

## Hatua ya 6: Chagua njia ya kibali

Hapa ndipo pasipoti inapotenganisha watu.

Mwenye pasipoti ya Ufaransa, umri wa miaka 18 hadi 35. Anaweza kuingia kwenye mpango wa *Expérience internationale Canada*. Sehemu yake iitwayo PVT humpa kibali kisichofungwa kwa mwajiri mmoja. Sehemu ya *Jeunes professionnels* inahitaji ofa ya kazi kwanza, na mwajiri hulipa ada ya dola 230. PVT huenda kwa bahati nasibu: unajisajili, unasubiri, unaitwa au huitwi. Ukiitwa una siku 10 za kukubali, kisha siku 20 za kukamilisha maombi. Siku hizo hupita haraka kwa mtu ambaye hajaandaa karatasi za hatua zilizotangulia.

Onyo la bima: mwenye PVT lazima awe na bima ya afya ya muda wote wa kukaa. Ofisa wa mpakani akikuta bima ya mwaka mmoja, anaweza kutoa kibali cha mwaka mmoja, na miezi iliyobaki hairudishwi.

Mwenye pasipoti ya Ufaransa aliyepita umri, au mwenye pasipoti ya nchi isiyomo kwenye mpango huo. Tanzania, Kenya, Burundi na Kongo hazimo, hata kwa mwenye kadi ya ukazi ya Ufaransa ya miaka kumi. Zinabaki njia tatu: mwajiri aombe tathmini ya soko la ajira iitwayo EIMT, ambayo ada yake ni dola 1,000, pamoja na cheti cha kukubaliwa na Quebec, au uombe ukazi wa kudumu kupitia Arrima, jukwaa la mtandaoni la serikali ya Quebec, au uingie kama mwanafunzi. Ni mara chache maktaba ya manispaa hukubali mzigo wa EIMT kwa nafasi ya muda, kwa hiyo usiijenge safari yako yote juu ya tumaini hilo.

Onyo la pili, ambalo limewapotezea wengi muda: mpango wa *Mobilité francophone*, unaomwondolea mwajiri EIMT, ni wa Kanada nje ya Quebec. Unafaa Moncton, Ottawa au Winnipeg. Kwa kazi ya Montréal haufanyi kazi, licha ya jina lake.

Kanuni za uhamiaji hubadilika kila mwaka. Soma kurasa za serikali siku ile ile unayojaza fomu, usitegemee picha ya simu aliyokutumia rafiki mwaka jana.

## Hatua ya 7: Funga mlango wa Ufaransa bila kuupiga kufuli

Mtumishi wa umma asijiuzulu. Aombe *disponibilité pour convenances personnelles*, ambayo ni kuondoka bila mshahara huku ukibaki kwenye orodha ya watumishi. Inatolewa kwa muda usiozidi miaka 5, unaoweza kuongezwa hadi jumla ya miaka 10 katika utumishi mzima; iulize idara yako masharti ya kuongeza muda. Idara inaweza kukudai notisi ya hadi miezi mitatu, na ombi la kuongeza muda au kurudi linatakiwa miezi mitatu kabla ya tarehe ya mwisho. Iandike tarehe hiyo kwenye kalenda ya simu. Watu wamepoteza nafasi ya kudumu kwa kuisahau tu.

Kwa bima ya afya, Ufaransa na Quebec zina makubaliano. Kabla ya kuondoka nenda CPAM, ofisi ya bima ya afya ya Ufaransa, uombe fomu SE 401-Q-207, inayoweza kukuondolea kipindi cha kungoja cha hadi miezi mitatu kwenye bima ya Quebec, RAMQ. Haki yenyewe hutegemea aina ya kibali na muda wa mkataba wako wa kazi, na ndiyo sababu bima ya PVT usiivunje kwa kuitegemea fomu hii.

## Hatua ya 8: Tuma maombi na uingie kwenye usaili

Nafasi nyingi za umma hutangazwa kwanza kwa walio ndani, kwa mujibu wa makubaliano ya vyama vya wafanyakazi. Kinachobaki kwa mtu wa nje ni nafasi za kumshikia mwenye likizo ya uzazi, nafasi za jioni na wikendi, na orodha za kuitwa inapohitajika. Wafaransa waliozoea ajira ya kudumu huzidharau. Ninaona wanakosea, kwa maana akishaingia kwenye orodha hiyo, mtu huanza kukusanya ukongwe na huenda akafika siku ya kuomba kama mtu wa ndani.

Usitume barua moja kwa wote. Chukua tangazo, piga mstari chini ya kila sharti, kisha hakikisha kila sharti lina sentensi yake kwenye barua au wasifu. Anayechuja mara nyingi ni ofisa wa rasilimali watu asiyeijua fani, naye hutafuta maneno ya tangazo.

Usaili hufanywa na kamati. Kila mwombaji huulizwa maswali yale yale na majibu hupewa alama. Utaambiwa: «Tueleze siku ulipokutana na msomaji mwenye hasira.» Mfaransa hupenda kueleza kanuni, kamati inataka tukio. Sema palitokea nini, ulifanya nini wewe, na kiliishaje. Tayarisha matukio sita kabla ya kwenda, yote ya kweli. Waambie pia waliokusimamia kwamba watapigiwa simu, na uwakumbushe tofauti ya saa: saa nane mchana Montréal ni saa mbili usiku Paris.

Ukiitwa kwenye usaili mara kadhaa bila kupata kazi, wasifu wako ni mzima na kasoro iko kwenye majibu. Usipoitwa kabisa baada ya maombi kumi, rudi hatua ya 1 na ya 4.

## Hatua ya 9: Wiki za mwanzo

Siku ya kwanza ofisi zikiwa wazi ni ya kuomba NAS, namba ya bima ya jamii yenye tarakimu tisa, kwa Service Canada. Bila hiyo mwajiri hawezi kukuweka vizuri kwenye orodha ya mishahara. Fungua akaunti ya benki siku hiyo hiyo. Leseni ya udereva ya Ufaransa hubadilishwa kwa makubaliano ya Ufaransa na Quebec.

Nyumba ni suala la tarehe. Mikataba mingi ya upangaji Quebec huanza Julai 1, na atakayefika Agosti hukuta mabaki. Mwenye nyumba atataka kuchunguza historia yako ya mikopo, ambayo huna. Mpelekee barua ya ajira na taarifa ya benki badala yake.

Kabla mwezi wa kwanza wa kazi haujaisha, peleka kwa ofisi ya rasilimali watu zile barua za hatua ya 3 pamoja na tathmini ya vyeti, uombe kwa maandishi daraja lako la mshahara lihesabiwe, na ubaki na nakala yenye tarehe ya kupokelewa. Hati ya kwanza ya mshahara ikifika, tafuta neno *échelon* na ulinganishe namba iliyoandikwa na miaka uliyoithibitisha.